Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali zinazofundisha madaktari: mtupigie simu siku ya 30 baada ya upasuaji

Wakuu wangu, shikamooni.

Nawaandikia nyie mnaoongoza hospitali kubwa zinazofundisha madaktari, wakurugenzi, wakuu wa idara za upasuaji, pamoja na nyie wa Wizara ya Afya mnaopitisha bajeti zao. Mi sio daktari, ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala nauza vitenge, ila nimelala wodini na nimeuguza wodini, na kuna jambo nimelibeba miaka sasa naona nikiendelea kulinyamazia nitakuwa nimewakosea wenzangu watakaopanda kile kitanda cha thieta baada yangu.

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji. Hospitali siitaji maana sina ugomvi nayo, walituokoa wote wawili na nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Siku ya 3 nikaruhusiwa, natembea mwenyewe, mshono mkavu, mama kaja na bajaji tukarudi nyumbani na maji ya kuoga yameshachemshwa. Siku ya 9 alfajiri naamka kumnyonyesha mtoto nasikia kanga imelowa tumboni, nikajua labda ni maziwa, nawasha taa ya simu naangalia sio maziwa, ni maji maji ya njano yana harufu na nyuzi zimeachia upande wa kushoto, ukiangalia unaona ndani. Mama alipofunua alinyamaza kwanza, alafu akaanza kunifunga kanga nyingine juu yake bila kusema kitu.

Hospitali niliyojifungulia ni mbali na hela ilikuwa imeisha kwahiyo tukaenda zahanati ya jirani. Sista pale akaminya usaha, akasafisha, akapaki gozi, akaniambia nirudi kila baada ya siku moja. Wiki 5. Kila nikienda nalipia, mtoto nimemlaza ubavuni maana tumboni haguswi, na kuna siku nilikuwa nauma ile mtandio ya kichwani ili nisipige kelele watoto wa watu wasiogope. Jina langu liliandikwa kwenye daftari la zahanati, lile la mistari lenye jalada gumu, na humo ndo lilipoishia.

Wiki ya 6 nikampeleka mtoto kliniki chanjo. Wakampima uzito, wakajaza kadi yake, wakasema anaendelea vizuri hongera mama. Mimi hakuna aliyeniuliza tumbo lako likoje, na mimi nikaona aibu kusema maana foleni ilikuwa mpaka nje. Nilipopata mimba ya pili nikaenda kuomba faili langu la zamani ili daktari ajue historia, nikasoma mstari wa mwisho umeandikwa mgonjwa ameruhusiwa akiwa na hali nzuri. Na ni kweli jamani, siku ile nilikuwa na hali nzuri. Ila kwa hospitali mimi hadithi yangu imeishia hapo, kwa hesabu yao mshono wangu ulipona, na yule daktari aliyenipasua mpaka leo anajua kazi yake ilienda salama, hajawahi kupata nafasi ya kujua vinginevyo.

Naomba mkae na hilo kwanza kabla sijaendelea. Madaktari wenyewe wana kanuni, kidonda cha upasuaji kikipata maambukizi ndani ya siku 30 kinahesabiwa ni maambukizi ya upasuaji. Siku 30. Sisi mnaturuhusu siku ya 3, ya 4, ya 5. Hizo siku nyingine zote 25 na zaidi nani anaangalia? Nani anaandika? Hospitali ikikwambia asilimia fulani ya vidonda vyetu inapata usaha, inahesabu wale walioonekana wakiwa bado kitandani na wachache waliopata nauli ya kurudi.

Sasa niwaambie upande wa pili, maana nimeuona kwa macho yangu na ndo ulionifanya niandike.

Mdogo wangu ni bodaboda. Aligongwa, mfupa wa muundi ukavunjika ukatoboa ngozi ukatoka nje, akapelekwa hospitali moja inayofundisha madaktari. Tukiwa pale akaja sista mmoja na fomu, akasema kuna utafiti unafanyika kwa watu waliovunjika hivi, angependa kuongea na sisi. Mama akakataa hapo hapo, akasema mwanangu hawezi kufanyiwa majaribio. Na mjue wakuu, hilo neno majaribio ndo linalowakimbiza watu, mtaani kwetu ukisema utafiti wa hospitali mtu anaona wanakuja kumchukua damu wakauze. Yule sista hakukasirika, akavuta stuli akakaa akasoma ile fomu ya ridhaa mstari kwa mstari kwa Kiswahili, akaeleza kwamba matibabu yote mawili yanatumika tayari, madaktari hawajui lipi linaleta nafuu zaidi kwa wagonjwa wetu, nani apate lipi inaamuliwa kwa bahasha iliyofungwa na sio kwa kupenda kwa daktari, na mdogo wangu akikataa leo au akijitoa kesho atatibiwa vile vile. Akatuachia fomu akasema fikirieni nitarudi jioni. Mdogo wangu akasaini mwenyewe.

Alafu ikaanza kitu ambacho mi nilikuwa sijawahi kukiona kwenye hospitali yoyote. Walimpigia simu. Wiki ya 2 wakapiga, wiki ya 6 wakapiga, mwezi wa 3, wa 6, mpaka mwaka ukaisha. Wanajua jina lake, wanajua anaishi wapi, walichukua namba yake na yangu na ya mama ili akizima simu wampate kwa njia nyingine, akija wanamrudishia nauli. Kuna siku sista alipiga akamuuliza kidonda kikoje, yeye kama kawaida ya wanaume akasema safi tu, sista akamuuliza bandeji ikitolewa inakuwa imelowa? Akasema kidogo. Ina harufu? Kimya. Sista akamwambia kesho saa 2 asubuhi uwe hapa. Alipofika ilionekana usaha umeanza chini chini, akarudishwa thieta ukasafishwa, akakaa wiki moja na dawa za sindano, na mguu ule leo unakanyaga gia.

Kijana aliyelala naye kitanda cha jirani alivunjika karibu vile vile, ila hakuingia kwenye utafiti, nadhani hakuwa na sifa fulani walizokuwa wanataka. Naye alipewa tarehe ya kurudi kliniki. Kwao ni mbali na vyuma bado vilikuwa mguuni, zile tunazoita antena, na kupanda basi na antena mguuni watu wanakuona mzigo kwahiyo hakurudi. Mdogo wangu aliongea naye kwa simu miezi kadhaa baadae, alikuwa anasema mguu unatoa harufu na anatumia dawa za mizizi. Baada ya hapo simu haipatikani.

Nimewaza sana hizi miguu miwili. Siwezi kusema utafiti ndo ulioponya mmoja, inawezekana kulikuwa na mengine. Ninachojua mmoja alikuwa na mtu anayemuuliza.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na mtoto wa shangazi yangu ambaye ni muuguzi alinisaidia kunitafsiria maana karibu kila kitu kimeandikwa Kiingereza, na nikashangaa kuona jinsi maswali madogo yanavyookoa watu kukiwa na mtu wa kuhesabu majibu. Pale Ifakara, Morogoro, hospitali ya Mtakatifu Fransisi, ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizojaribu ile chekilisti ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine zilikuwa London, Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Ifakara imekaa hapo katikati ya hiyo miji! Chekilisti yenyewe ni karatasi ya mambo 19, wanauliza kabla hujalazwa usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla hujatolewa thieta: jina lako nani, tunapasua wapi, dawa ya kuzuia maambukizi ameshapewa ndani ya saa moja iliyopita, pamba na vyuma vimehesabiwa vimetimia. Majibu yalitoka Januari 2009, kwa hospitali zote 8 kwa pamoja vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8% na matatizo baada ya upasuaji yakashuka kutoka 11% hadi 7%. Kwa sababu ya karatasi, na kwa sababu kuna watu walikaa wakahesabu kabla na baada.

Kuna utafiti mwingine wa 2022 ulionigusa zaidi kwa sababu ya tumbo langu. Walifanya kwenye hospitali 81 za nchi 7, Rwanda wamo, Ghana, Nigeria, Benin, Afrika Kusini, India na Mexico, wagonjwa zaidi ya 13,000 waliopasuliwa tumbo. Swali lilikuwa dogo sana: ukishamaliza kazi ndani ya tumbo, kabla hujashona, ukibadilisha glovu na kuchukua vyuma vingine safi, je usaha utapungua? Ukapungua. Kwa waliopasuliwa kwa utaratibu wa kawaida 18.9% walipata maambukizi ya kidonda, kwa waliobadilishiwa glovu na vyuma 16%. Msione ni tofauti ndogo, katika kila wagonjwa 100 ni karibu watu 3 ambao hawataamka alfajiri na kanga imelowa. Na waliyapata hayo kwa sababu walimfuatilia mgonjwa mpaka siku ya 30, wangeishia mlangoni wodini wasingeona kitu.

Na watafiti wale wale, mwaka mmoja kabla, walipima kitu kingine kwa wagonjwa zaidi ya 5,000: je ile dawa ya bei ya kupaka ngozi kabla ya kukata, klorheksidini, ni bora kuliko ayodini ya kawaida? Na nyuzi za kushonea zilizopakwa dawa ni bora kuliko nyuzi za kawaida? Hawakuona tofauti. Kwahiyo hospitali ya mkoa isiyo na hela ya vile vya bei haimnyimi mgonjwa kitu. Mnaposema utafiti ni gharama naombeni mkumbuke huo, kuna tafiti zinazowaambia msinunue.

Jirani zetu Uganda nao walifanya la ngiri. Wavu wa kuzibia ngiri unaouzwa na makampuni ni bei kubwa, wakachukua kitambaa cha chandarua cha mbu, wakakikata na kukitakasa kitaalamu mpaka hakina kijidudu, wakawawekea nusu ya wanaume 302 na nusu nyingine wakawekewa ule wa kampuni, wakawafuatilia mwaka mzima. Ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kati ya wale wa chandarua, na hakuna tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Mbale huko huko Uganda wakafanya la watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji, njia ya kutoboa kwa kamera ndani ya kichwa ili maji yapite yenyewe dhidi ya kuweka shanti, yaani bomba la kutoa maji kichwani, watoto 100, majibu yakatoka 2017, na baada ya mwaka mmoja akili za watoto wa makundi yote mawili zilikuwa zinaendelea bila tofauti kubwa. Kwa mzazi wa kijijini hiyo ni habari kubwa, maana shanti ikiziba usiku na hospitali iko siku nzima ya safari unampoteza mtoto, na wale wa kutoboa hawana bomba la kuziba.

Na hapa kwetu MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao wa San Francisco walichukua wagonjwa 240 waliovunjika muundi na mfupa ukatoka nje, kama mdogo wangu, ila yeye hakuwa kwenye huo. Nusu wakawekewa chuma ndani ya mfupa, nusu antena. Majibu yalichapishwa 2020. Baada ya mwaka tofauti ya kufa au kurudiwa kupasuliwa haikuwa kubwa kama walivyotegemea, ila wa chuma cha ndani walijisikia nafuu mapema zaidi na mifupa yao ilikaa sawa zaidi. Watanzania waliovunjika kwenye barabara za Dar ndo waliolijibu hilo swali, na dunia nzima inalisoma. Najivunia hilo kwa kweli.

Lakini ninyi mnajua nani hajalisoma? Wagonjwa. Mdogo wangu alitoa mguu wake mwaka mzima, alijibu maswali, alipigwa picha za eksirei, na mpaka leo hajui utafiti aliokuwamo yeye ulipata nini, bahasha ipi ilikuwa bora. Hakuna aliyempigia siku ya mwisho kusema asante kaka, tumegundua hivi. Sio uchoyo naamini, ni kwamba hamna aliyeliweka kwenye bajeti.

Kuna takwimu moja ya Afrika nzima naomba muisome mkiwa mmekaa. Nchi 25 za Afrika, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa, ikachapishwa 2018. Wagonjwa wa Afrika ni vijana kuliko wa kwingine na wengi hawana magonjwa mengine, ila waliokufa walikuwa 2.1%, mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila watu 100 waliokufa, 94 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani thieta walitoka wazima. Wale kina mama tuliojifungua kwa upasuaji tulihesabiwa peke yetu kutoka kwenye data hiyo hiyo, waliokufa walikuwa karibu 5 katika kila 1,000, mara 50 ya nchi tajiri. Nilivyosoma hiyo nilifunga simu nikaenda kumwangalia mwanangu amelala.

Na watafiti hao walijaribu kulitafutia tatizo hilo dawa. Wakasema basi tuwaangalie kwa karibu zaidi wagonjwa walio kwenye hatari baada ya upasuaji, wakapima kwenye hospitali zaidi ya 300, vifo havikupungua. Inaumiza ila ni bora kujua, maana kama wangeamini tu kwamba inafanya kazi tungekaa miaka 20 tukijipongeza. Inawezekana kumwangalia tu haitoshi kama damu hakuna na daktari wa kumrudisha thieta usiku hayupo. Sijui mimi, hilo ndo swali linalofuata na ni la kwenu kulijibu, sio la mtu wa London.

Kwahiyo ninachoomba. Kila hospitali inayofundisha madaktari iwe na muuguzi mmoja, au wawili, na simu, na vocha iliyoandikwa kwenye bajeti kama mnavyoandika dizeli ya jenereta, kazi yake ni kumpigia kila aliyepasuliwa siku ya 30. Kila mtu, sio walio kwenye utafiti wenye mfadhili tu. Maswali ni 6 tu: mshono umekauka, ulitoa maji au usaha, ulipata homa, ulitibiwa wapi, umerudi kufanya kazi, upo hai maana wakati mwingine atapokea ndugu. Asiyepatikana naye aandikwe hakupatikana, msimhesabu amepona. Ukipata usaha mtu aambiwe njoo kesho na asilipie kumuona daktari kwa hilo. Majibu ya mwezi yabandikwe ukutani wodini kwa Kiswahili, bila jina la daktari wala la mgonjwa, maana najua madaktari mtaogopa kwamba tunatafuta wa kumfunga. Hatutafuti. Yule aliyenipasua mimi nikimuona leo nitamsalimia kwa mikono miwili, ninachotaka ajue kwamba siku ya 9 kuna kitu kilitokea, ili wa kesho amuangalie tofauti.

Alafu nasikia kila daktari anayesomea ubingwa lazima afanye utafiti wake aandike kitabu ndo ahitimu. Vitabu vinakaa maktaba. Kila mmoja amechagua swali lake, miezi 6 ya data, ameondoka, anayefuata anaanza moja. Wakuu wa idara, kwa nini msikae mkachagua maswali matatu manne yanayowaua wagonjwa wa hospitali yenu, mkawagawia vijana wayafuatilie kwa zamu, mwaka huu mmoja anaendeleza alipoishia mwenzake? Na kwenye kikao cha kuchagua hayo maswali muwaite wagonjwa wawili. Mwite mama aliyefumuka mshono, mwite bodaboda. Mtashangaa. Dokta atauliza mfupa umeunga baada ya muda gani, bodaboda atauliza nitarudi barabarani lini, na maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Na ile fomu ya ridhaa iwe na mstari mmoja zaidi mwishoni: nataka kujulishwa majibu, kwa mesej au kwa simu, namba yangu ni hii. Mdogo wangu angeweka tiki kubwa.

Mimi mtoto wa pili nilijifungua kwa upasuaji tena, hospitali ile ile, na mshono ulipona salama. Hilo nalo hamlijui maana hamkupiga. Namba niliyoandikisha pale mapokezi mara zote mbili ni hii hii ninayotumia mpaka leo, na ya mama yangu mmeandika chini yake.

Wenu,
Mama wa watoto wawili, Mbagala